Mijusi wa Bafu la Mama Mkwe

Fulgensi hakuwa mwizi, jamani, wala mchunguliaji. Alikuwa mvivu, basi. Lakini mwaka ule wa tisini na nane, nani Ifakara angemwelewa? Mama Eveline, mkwe wake mtarajiwa, alimfuma kwa macho yake nyuma ya bafu lake, amechuchumaa. Bafu la mkwe! Mtu mwenye adabu hata kulipita hupita mbali. Posa ikarudishwa siku hiyohiyo, Eveline akalia mpaka macho yakavimba.

Fulgensi akabaki na siri kooni. Dada Digna, mtafiti kutoka Dar, alikuwa amemwajiri akamate mijusi Mngeta, Chita na Uchindile, akate ncha za mikia na kuzitia kwenye vichupa vya spiriti. Vichupa vingekwenda maabara Ulaya, na huko vinasaba, ule urithi wa mwilini anaouacha mzazi kwa mtoto, vingeonyesha kama mijusi wa milimani na wa bondeni walishaachana zamani wakawa aina mbili. Kazi nzuri. Ila kupanda milima ya Uchindile, ah! Na bafu la Mama Eveline, lenye unyevu na mbu tele, limejaa mijusi wanono. Akiungama, kazi hana. Asipoungama, mke hana. Akanyamaza, akazidi kukonda.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, Digna akamvamia nje ya kanisa, majibu mkononi, amefura.

"Fulgensi! Eti Uchindile, eti Chita! Mijusi wote hawa ni ndugu wa tumbo moja. Umewatoa ukuta mmoja!"

Fulgensi akaruka kwa furaha. "Rudia, dada! Rudia kwa sauti, mama yule pale asikie!"

"Umerukwa na akili? Nimekufukuza kazi!"

"Nifukuze tu! Ila kwanza mwambie mama nilikuwa nakamata nini nyuma ya bafu lake."

Digna akaeleza habari za mijusi, Mama Eveline akasikiliza yote bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo hukunichungulia."

"Haki ya Mungu, mama, nilichungulia mijusi."

"Ukamdanganya dada wa watu kwa uvivu wa kupanda mlima."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama akashusha pumzi, akamtazama mumewe, ambaye ghafla aliinama kufunga kamba za viatu.

"Mvivu namjua, nimezaa naye. Posa ilete." Kisha akamgeukia Digna. "Mwanangu, treni ya Uchindile inaondoka lini? Huyu nitampandisha mwenyewe."