Shati la Bonge

Leo nimetimiza miaka sabini, na kama kuna mtu aliyekuambia ni jambo tamu, huyo hajawahi kuamka na magoti yangu. Tangu saa kumi na mbili asubuhi wajukuu wanapuliza maputo sebuleni. Yanapasuka, wanacheka, wanapuliza mengine. Mimi nilitaka kulala mpaka saa nne, lakini nani angeniachia?

Mwenye shughuli ni binti yangu. Anafundisha shule ya msingi, na hata nyumbani tunamwita Mwalimu, maana mezani kwenyewe anatupanga mistari. Ndiye aliyenunua keki, ndiye aliyealika watu, na ndiye aliyenipa mtihani.

Mtihani wenyewe ulianza na zipu. Miezi mitatu iliyopita nilimshonea jirani sketi, zipu nikaiweka ndani nje. Mara moja tu, jamani, katika miaka arobaini na sita ya cherehani! Lakini Mwalimu akalivalia njuga. "Mama, macho yamechoka. Pumzika sasa. Kile chumba cha cherehani tukifanye cha wageni." Nikamuuliza wageni gani, mbona hatuwaoni? Tukavutana wiki nzima, mpaka tukapatana hivi: siku yangu ya kuzaliwa nitaivalisha familia yote nguo mpya za kitambaa kimoja, nishone peke yangu, bila mtu kunitungia hata uzi. Zikiwakaa wote, cherehani inabaki na chumba kinabaki. Ikikataa hata moja, nafunga kazi bila ubishi.

Nilikubali upesi. Wateja nawaandika vipimo kwenye daftari, lakini wanangu sijawahi kuwaandika popote. Nawakatia kwa kichwa, na haijarudi nguo hata moja. Mtu uliyembeba tumboni utampima nini tena?

Usidhani ni ukaidi tu. Huku sebuleni mimi ni bibi anayeulizwa kama amekunywa dawa. Nikiingia kile chumba, nikiwasha taa ya cherehani, mimi ni Fundi, na watu wazima wananisubiri kwenye benchi. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania. Mwezi mzima nilishona mpaka mgongo ukawa kama si wangu.

Alasiri wageni wakajaa. Shoga yangu akaja, yule mwenye duka la vitambaa aliyeniuzia kila jora tangu tukiwa wasichana, akakalia kiti kizuri kuliko vyote bila kukaribishwa. "Umezeeka, shoga," akaniambia. "Na wewe unanuka duka," nikamjibu. Huo ndio upendo wetu.

Wa mwisho kufika alikuwa kifungua mimba wangu, Bonge. Jina hilo alipewa na wenzake darasa la pili na hakuna aliyewahi kulibishia, maana alikuwa anaingia mlangoni kwa ubavu. Anaendesha malori ya safari ndefu, akaachana na mkewe zamani, na tulikuwa hatujaonana miezi saba, simu tu kila Jumapili. Aliingia amefuga ndevu, amevaa koti zito kwenye joto lile. Nikasema moyoni, madereva na vituko vyao. Miwani nilikuwa nimeiacha kwenye cherehani makusudi, nisionekane kizee.

Mwalimu akapiga makofi, watu wakanyamaza. Nguo zikagawiwa. Wajukuu wakavaa, zikawakaa. Mwalimu akavaa gauni lake, akajigeuza mbele ya kioo kutafuta kasoro, akaikosa. Nilianza kutamba. "Leta maneno sasa!" nikamwambia.

Bonge alisema atavaa baadaye. Watu wakamzomea kwa utani, akaingia chumba cha ndani, akatoka amevaa shati, koti mkononi.

Lo! Mabega yalikuwa yamemshukia karibu na viwiko. Kola ilisimama mbali na shingo, ngumi ingepita. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini, na Bonge mwenyewe akatanua mikono, akazunguka, akawachekesha zaidi. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko.

"Usikate keki bado," nikasema. "Nakwenda kulirekebisha." Nikamshika Bonge mkono, tukaingia chumba cha cherehani, nikafunga mlango na kuvaa miwani.

Nilimvua lile shati, nikalitandaza mezani, nikalipima. Kola inchi kumi na saba na nusu. Sawasawa. Kifua, sawasawa. Nikamzungushia yeye futi. Shingo kumi na tano. Kifua, ambacho miaka yote ni arobaini na nane, kilikuwa arobaini. Nikapima tena. Arobaini.

Niliruka, na magoti haya haya! "Sikukosea! Ni wewe uliyepungua! Ngoja huyo Mwalimu wako anisikie leo!" Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango ndipo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nikageuka. Kwa miwani nilimwona vizuri: mbavu, mashavu yaliyobonyea chini ya zile ndevu, suruali iliyokazwa kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya.

"Una nini, baba?"

"Kuna uvimbe tumboni, Mama. Jumatano wananipasua." Alisema huku anaangalia vifungo vya shati. "Nilitaka kwanza keki iliwe. Nilijua nikija utaniona, nisipokuja utajua zaidi."

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari."

Nilimpiga kofi la bega, kwa hasira, kisha nikabaki nimelishika hilo bega, mfupa mtupu. Miezi yote ile, kila Jumapili, alikuwa ananiambia ameshiba. Niliogopa. Nimezika mume na sikuogopa vile.

Tukakaa kwenye benchi la wateja. Kule nje walikuwa wameanza kuimba kabla ya wakati, Mwalimu anawanyamazisha. Bonge akasikiliza, akavuta pumzi, akaanza kuvaa shati.

"Twende tukawaambie," akasema. "Nitasema mwenyewe. Huwezi kunyang'anywa cherehani kwa ajili yangu."

"Wewe unataka kusema leo?"

Akaacha kufunga vifungo. "Sitaki, Mama. Nilitaka siku moja watu wacheke tu. Kesho nitawaambia, nakuahidi. Lakini si haki kwako."

Nikachukua pini, nikamwambia ageuke. Nikakusanya kitambaa mgongoni, nikakibana juu mpaka chini, nikamvika koti lake ili zile pini zisionekane. Nikamfuta uso kwa kipande cha kitambaa, kama mtoto, naye akaniachia.

Tukatoka.

"Nimekosea," nikasema. "Nimekosea vibaya. Macho yamekwisha, Mwalimu. Ulikuwa sahihi."

Mwalimu akaja akanikumbatia, analia, ananiambia hakuna aibu, nimefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yao. Analia kwa kunipenda, na mimi nilikuwa nimechoka mno hata kumchukia. Majirani wakapiga makofi. Shoga yangu peke yake hakupiga. Alikuwa anahesabu, najua. Fundi anaweza kukosea inchi moja, mbili kama amelewa. Nane hakosei mtu. Akamtazama Bonge na koti lake, akanitazama mimi, kisha akapaza sauti, "Keki, jamani, au mmetuita tuje kutazama maputo?"

Wakaimba. Nikakata keki. Wajukuu wawili walikuwa wameshatumwa kuifunika cherehani kwa shuka, nikawasikia wanagombana nani ashike upande gani.

Bonge akaja akakaa karibu yangu na kipande chake, hakuonja. Nikamnong'oneza, "Jumatano saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Lakini ni mbali, Mama, na unajua ulivyo na..." Akakatisha.

"Nina nini? Kazi?" nikamwambia. "Sina kazi mie. Nitakuja."