Mapazia ya Mnara

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile hata malaika angefoka.

Nilimleta baba kupiga kambi kwenye hifadhi ya pwani, chini ya mnara wa taa alioutunza miaka thelathini na moja. Hata hema sijamaliza kulisimamisha, mzee akatazama juu, uso ukambadilika.

"Mwanangu, wametoa mapazia."

Enzi zake, kila alfajiri akishazima taa alifunga mapazia kuzunguka chumba cha juu. Kile kioo kinachotuma mwanga baharini usiku, mchana hukusanya jua na kuchoma kilicho karibu. Mapazia aliyashona marehemu mama.

Tukaenda ofisini. Meneja wa hifadhi alikuwa amekalia mto wa buluu, anakunywa soda. Shikamoo hakutoa.

"Wageni wanataka kukiona kioo, mzee wangu. Kinapendeza kwenye picha."

"Kitawaunguza. Huko juu mmeweka nini?"

"Mikeka ya wageni tu."

"Basi niruhusu nipande, nikifunike hata kwa shuka langu."

"Aliyezidi miaka sitini haruhusiwi. Ngazi ni mia na kumi, utatufia bure."

Ngazi alizopanda na madumu ya mafuta mabegani! Wafanyakazi wakacheka. Nikafungua mdomo, baba akanishika mkono.

"Twende, binti yangu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Saa nane mchana moshi ukafuka juu ya mnara. Watu wakakimbia, wakaacha sufuria mekoni. Mikeka yote iliteketea, na dada mmoja aliyekuwa akipiga picha alishuka analia, mkono umebabuka. Moto ulipozimwa, meneja akarudi ofisini kujitupa kwenye mto wake, jasho linamchuruzika, nasi tukamfuata.

"Mzee," akasema, "kwa nini hukutueleza vizuri?"

Yaani! Nilitaka kumrarua. Lakini baba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinama, anapapasa pindo la ule mto. Nikauona mshono: mistari miwili iliyobanana, kama mama alivyoshona kila kitu nyumbani kwetu. Walikuwa wamekata mapazia wakatengeneza mito ya kukalia.

"Nyanyuka," nikamwambia meneja.

"Samahani?"

"Nyanyuka, umemkalia mama yangu!"

Akanyanyuka. Baba akauchukua mto, akaketi sakafuni, akaanza kufumua uzi kwa kucha.

"Leteni sindano na mito mingine yote," akasema. "Na kesho jua litachomoza."