Taa ya Birika

Mama mkwe aliondoka asubuhi kwenda kung'olewa jino, akamwachia mke wa mwanawe mayai tisini ndani ya mashine ya kuangulia, na agizo moja tu: "Yanaanguliwa leo. Yasipate baridi." Umeme nao, kana kwamba ulikuwa nyuma ya mlango ukisikiliza, ukakatika saa nne.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na kwa miezi minne aliyokaa katika nyumba ile alikuwa bado anatafuta jambo moja la kusifiwa. Jenereta hakuwahi kuligusa. Alilivuta hadi uani, penye sakafu iliyo sawa, akapiga simu.

"Mafuta yapo?" Mama mkwe alizungumza akiwa na pamba mdomoni.

Fundi akafungua tangi. "Yapo, mama. Yamejaa pomoni."

"Basi fungua koki ya tangi, vuta choki ya hewa, vuta kamba."

Akavuta. Jenereta likakohoa, likanyamaza, taa nyekundu ikawaka. Akavuta tena na tena mpaka bega likamuuma. Taa ni ileile.

"Mama, kuna taa ina picha ya birika. Linadondosha tone."

"Bilika?" Pamba ilimvuruga ulimi. "Mafuta yapo?"

"Yapo!"

"Sasa linataka nini?"

Akili ni nywele, na za fundi siku hiyo zilikuwa zimefungwa kitambaa. Birika ni chai, akawaza, na chai ni maji. Labda chombo kina kiu. Akakata simu, akaenda kujaza jagi. Alipopita kwenye mashine ya mayai, kipimajoto kilikuwa kinashuka, na ndani ya ganda moja kitu kililia kwa sauti nyembamba. Atamwambia nini mama wa watu?

Akarudi mbio na jagi, akitafuta pa kumimina. Chini, ubavuni mwa injini, akaona kifuniko cha pili chenye kijiti cha kupimia. Akakichomoa. Kilikuwa kikavu, nchani kuna weusi kidogo. Akakinusa, akasita, maana harufu ile ilikuwa ya cherehani yake.

Akaitazama tena picha. Birika gani lina mdomo mrefu vile? Lile lilikuwa kopo, kama kopo lake dogo analotilia cherehani mafuta kila asubuhi. Jagi akaliweka chini, akapiga simu tena.

"Mama! Kumbe ni mafuta ya injini, siyo petroli! Hamna hata tone!"

"Chupa iko stoo, nyuma ya mlango."

Akamimina, akapima kwa kijiti, akavuta. Jenereta likanguruma na taa haikuwaka. Alipochomeka waya wa mashine, yai la kwanza lilikuwa limeshatobolewa kwa ndani.

Akapiga simu mara ya tatu. Alikuwa amepanga kujisifu, lakini ukweli ukamtoka wenyewe. "Mama, nisamehe. Nilishajaza jagi la maji. Nusura nilitilie."



"Hilo ni jenereta la pili, mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, kwa sababu ya pamba. "La kwanza nililinywesha maji mimi. Mumeo hajui mpaka leo, na asijue."