Uvimbe wa Otto na Nywele za Stumai

Dorine aliwaamkia kwa sababu alilelewa kuamkia wakubwa. Laiti ingewezekana kutoa shikamoo yenye meno, siku hiyo angeitoa. Baba mkubwa Polycarp na baba mdogo Hironimus walikuwa wamejaa kwenye makochi ya nyumba yao ya Lizaboni tangu asubuhi, wakinywa chai aliyoipika mama yake huku wakipanga kumnyoa.

Ndiyo, kumnyoa. Stumai, mama wa watu, apelekwe kwa mganga kule Namtumbo, akalishwe chini mbele ya kadamnasi, anyolewe kipara ili uchawi umtoke. Walikwisha kuamua kwamba yeye ndiye aliyemtupia mumewe uvimbe. Ushahidi wao? Kwao ni mbali, Nalasi, anaswali msikitini ilhali wao ni watu wa kanisani, na daktari aliposema ni saratani hakulia vya kutosha.

Otto, mgonjwa mwenyewe, alikaa pembeni amejiziba mdomo kwa kitambaa. Kilichoanza kama kipele ubavuni mwa ulimi sasa kilikuwa uvimbe uliomzuia kumeza hata uji. Madaktari walikata kipande wakakipima, na walimtaka alazwe siku hiyo hiyo afanyiwe upasuaji kabla saratani haijashuka shingoni. Lakini Polycarp alisema Otto hatoki nyumbani mpaka mkewe anyolewe. Na Otto, aliyelelewa na huyo Polycarp tangu baba yao afariki, hakuwahi kumpinga kaka yake hata mara moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Polycarp, akitupa jicho kule jikoni.

"Si nguoni, baba mkubwa. Ni mwilini." Dorine alikuwa mwalimu wa biolojia sekondari, na darasa gumu kama hili hakuwahi kulipata. "Hakuna aliyetupiwa kitu hapa. Uvimbe ule ni seli za baba mwenyewe. Kila seli ina jeni ndani yake, yaani maagizo ya kuiongoza. Zipo jeni zinazoiambia seli igawanyike, ziwe mbili. Ukijikata na jembe zinawaka, kidonda kinajaa nyama, kisha zinazima. Sasa jeni ya namna hiyo ikiharibika, inabaki imewaka. Ndiyo inayoitwa onkojeni. Seli inagawanyika bila kutumwa."

"Si izimwe?" aliuliza Hironimus.

"Zipo jeni za kuizuia, baba mdogo, na zipo za kuiamuru seli mbovu ife. Zikiharibika na hizo, basi tena. Si kosa moja. Ni makosa yanayorundikana miaka na miaka, mpaka seli iliyokuwa ya kawaida haisikii la mwadhini wala la mteka maji. Inazaa zilizo kama yenyewe, zinakuwa uvimbe, uvimbe unaila nyama ya jirani. Wembe wa mganga utaizimaje hiyo?"

Dorine alidhani amewashinda. Polycarp aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika kabisa.

"Umeeleza vizuri, mwalimu. Tumekuelewa. Jeni imewaka. Sasa tuambie, nani kaiwasha?"

Damu ilimchemka Dorine. Ingekuwa ujinga angeusamehe, kwani bila ujinga yeye asingekuwa na kazi. Lakini mzee huyu alikuwa amelielewa kila neno, na bado alikuwa anakitaka kichwa cha mama yake!

"Unamtaka aliyeiwasha?" Sauti ilimpanda mpaka majirani wakasikia. "Ugoro! Ugoro anaoubwia baba tangu ujana. Sumu ya tumbaku inaharibu jeni za mdomoni, leo kidogo, kesho kidogo. Na ugoro wenyewe hanunui. Unamletea wewe, baba mkubwa, kutoka shambani kwako, na kila ukija unamwambia ugoro wa nyumbani haudhuru!"

Hironimus aliweka kikombe chini. Akamtazama kaka yake kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo.

"Kumbe," alisema. "Basi anyolewe Polycarp."

Wala hakuwa anatania. Dorine alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Watu hawa hata ukweli ukiwapa wanaushika kama wembe, wanautafutia kichwa.

"Hakukusudia! Hakuna wa kunyolewa hapa! Kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali!"

Nani amsikie? Wazee walikwisha kusimama, wananyosheana vidole.

Ndipo Stumai alipotoka jikoni. Alisimama katikati yao akavua ushungi, na kichwa ambacho shemeji zake hawakuwahi kukiona wazi kilikuwa kipara, kimechubuka juu ya sikio pale wembe ulipoteleza.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nyamaza, Dorine." Macho yake yalikuwa kwa wazee. "Mlitaka nywele, shemeji zangu. Nimejinyoa mwenyewe. Nywele zitaota. Mume akifa haoti. Haya, nipeni mume wangu nimpeleke hospitali."

Hironimus aliinamisha uso. Polycarp alikwenda akasimama mlangoni, akauziba wote kwa koti lake.

"Kujinyoa si kunyolewa, shemeji. Lazima uwe mkono wa mganga. Hapo bado hujafanya kitu."

Dorine aliushika mkono wa kochi kwa nguvu asije akamrukia mzee wa watu. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira tupu. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anabishana na ukuta.

Otto aliinuka. Aliuokota ushungi sakafuni, akaukung'uta, akamfunika mkewe kichwa taratibu mpaka pale penye mchubuko. Kisha akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi mlangoni.

"Kaka," alisema. Neno lilitoka zito, limechanganyika na mate na damu. "Nitakupiga. Pisha."

Polycarp akapisha.