Salamu Iliyokwamisha Sauti

Ukitaka kumjua mtu mwenye hofu, mtazame anavyokula. Chizuru alikuwa amefungua chakula chake, wali na samaki aina ya mkunga wa kuchoma, mlo ambao siku nyingine habakizi hata punje. Leo alikuwa anausogeza tu kwa vijiti, huku na huku.

Baada ya chakula ingepigwa kura. Viwanda vya vinanda vya umeme vilikuwa vimetuma watu wao hapa mjini Hamamatsu kupitisha kanuni za lugha mpya ambayo vinanda na kompyuta vitazungumza. Ndani ya kanuni hizo kulikuwa na kipande alichokitunga Chizuru mwenyewe: salamu. Kinanda kipya kikiunganishwa na kingine, kwanza kinauliza, "Wewe lugha mpya unaijua?" Kisipojibiwa kinarudi kwenye lugha ya zamani, maisha yanaendelea. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye salamu hiyo. Ikipita leo, kila kiwanda kitaitia ndani ya vinanda vyake, na haitatoka tena.

Balaa lilianzia Jumapili kwa shangazi yake Fusae, anayefundisha watoto muziki sebuleni. Chizuru alimpelekea kinanda kipya cha majaribio. Shangazi, mwanamke asiye na subira, alichomeka waya wa kuviunganisha kwa mkono wa kulia huku wa kushoto bado unabonyeza kinanda chake cha zamani. Alipoinua vidole, sauti haikukoma. Ikaendelea tu, nene, bila aibu.

"Kimepagawa hiki," shangazi akasema. "Umekifanya nini, mwanangu?"

Chizuru alielewa palepale. Vinanda vya zamani yeye na mafundi wenzake walivijaribu vingi, tena kwa makini. Lakini mafundi wana adabu yao: hakuna anayegusa waya kabla ya kuondoa mikono kwenye vibonye. Wamefunzwa hivyo tangu wanaanza kazi, na katika majaribio yote hakutokea hata mmoja wa kukosa adabu. Salamu ikikikuta kinanda cha zamani kimebonyezwa, kinasahau kunyamaza. Na wanamuziki, jamani, ni watu wa papara.

Alimweleza bosi wake, Sugiura, kesho yake asubuhi.

"Umemwambia nani mwingine?" Sugiura aliuliza.

"Wewe tu, bosi."

"Basi liishie hapa. Nimepita kampuni zote, nimekunywa chai mpaka nimekuwa birika. Wote wamekubali. Nirudi niwaambie nini? Kura kwanza, kasoro tutaiziba baadaye."

"Baadaye ipi? Ikishapita haiguswi!"

"Chizuru. Nakuomba."

Afadhali angemfokea. Mkutanoni watu huja kukubaliana walichokwisha kukubaliana chemba; anayezusha jambo pale huwa amemvua nguo yule aliyezunguka kutafuta makubaliano. Na Sugiura ndiye aliyempigania Chizuru wakati wengine wanamcheka.

Sasa chakula kilikuwa kimekwisha, na mwenyekiti wa mkutano, Bi Tokunaga, akarejea kitini.

"Kuna neno?"

Chizuru alifungua mdomo, ulimi ukagoma. Akajichukia.

"Basi tuonyesheni salamu, halafu tupige kura."

Mezani kulikuwa na kinanda kipya na cha zamani. Kazi ya Chizuru ilikuwa kupiga kidogo kile cha zamani, kisha aondoe mikono ili Sugiura achomeke waya. Akapiga. Muda wa kuondoa mikono ukafika.

Hakuondoa. Alibaki amebonyeza, sauti inalia.

"Mikono," Sugiura alinong'ona.

Chizuru alitikisa kichwa.

"Mikono, we mtoto! Wanatutazama."

"Chomeka hivihivi, bosi."

Sugiura alisimama na waya wake. Angeweza kusingizia waya mbovu, angeweza kuomba radhi wakapumzika kidogo. Alimtazama Chizuru, akavitazama vile vidole vilivyobonyeza, kisha akachomeka.

Chizuru akainua mikono yote miwili juu, kila mtu aione.

Sauti ikabaki. Ileile, nene, imejaa ukumbi, na hakuna aliyekigusa kinanda. Mafundi walitazamana. Mmoja akavitazama viganja vyake. Hakuna aliyeinuka kwenda kuizima.

Bi Tokunaga alingoja iishe, haikuisha. Akalazimika kupaza sauti.

"Nauliza tena. Kuna neno?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Sugiura.