Miezi Minne ya Mvua

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda darasani, Kache humpaka mamake mafuta ya nazi miguuni. Kahonzi hunyoosha mguu wa kulia kwanza, na binti yake huyasugua mafuta mpaka yazame katika zile nyufa za visigino zilizochimbwa na maji ya mabwawa ya chumvi ya Marereni kwa miaka kumi na tisa. Jumamosi hiyo mguu wa kulia ulikuwa umekwisha na wa kushoto haujaguswa, simu ikalia.

"Vivian ana homa," alisema Owen, kiongozi wa kundi lao. "Utawasilisha wewe. Na meneja wa fedha wa kampuni ya chumvi anakuja kusikiliza."

"Mimi? Owen, mimi siwezi kusimama mbele za watu."

"Kwani nani kasema uweze? Soma kilichoandikwa, kisha ukae."

Kahonzi aliuvuta mguu wake. "Nenda, mwanangu. Huu mmoja hautakufa."

Kache alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya fedha za makampuni huko Malindi, na karo yake ililipwa na kampuni hiyo hiyo ambayo mamake aliikwangulia chumvi. Kazi waliyopewa ilikuwa kuishauri kampuni kama inunue mashine ya kukwangua, iwaondoe vibarua sitini. Mashine ilikuwa ya shilingi milioni arobaini. Kundi lilijumlisha ujira ambao ungeokolewa kwa miaka kumi, likazipunguza fedha hizo za kesho mpaka thamani yake ya leo, likapata milioni hamsini na moja. Faida milioni kumi na moja. Inunuliwe.

Kache aliliona kosa siku ya kwanza. Alilisema mara mbili, kwa ile sauti yake ya chini, na mara zote mbili Owen alicheka. "Usituletee habari za mamako, bwana. Hii ni fedha, si matanga."

Sasa alikuwa amesimama mbele ya darasa, karatasi mkononi. Mwalimu wao, Dakta Mansur, alikaa pembeni, na kando yake Bwana Zaid, meneja wa fedha.

"Sauti, dada!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Ama tuje hapo mbele tukae mapajani mwako?"

Walicheka. Kache alisoma hadi ukurasa wa mwisho, ule wenye neno "inunuliwe". Hakulisoma. Aliilaza karatasi kifudifudi mezani, akachukua kalamu ya ubaoni.

"Hesabu hii si sahihi," alisema.

"Kache!" Owen alinong'ona. "Kache, kaa chini!"

"Tumehesabu ujira wa miezi kumi na miwili. Miezi minne ya mvua mabwawa hujaa, chumvi haikwanguliki, na vibarua hawalipwi hata senti. Mtu hawezi kuokoa pesa ambayo hakuwa akiitoa." Aliandika huku akisema. "Hamsini na moja, toa theluthi. Zinabaki thelathini na nne. Mashine ni arobaini, inyeshe isinyeshe. Kampuni itapoteza milioni sita. Isinunuliwe."

Dakta Mansur alipiga hesabu hiyo kwenye simu yake, akarudia, kisha akamgeukia Owen. "Nyinyi wengine mvua hamjapata kuiona?"

Darasa lilivunjika mbavu. Bwana Zaid alisimama akipiga makofi.

"Mashallah, binti yangu! Umetuokolea milioni sita. Kumbe vibarua wetu ni rahisi kuliko mashine! Basi tutaendelea nao vivyo hivyo. Na karo yako ya mwaka ujao usiitilie wasiwasi."

Wote walipiga makofi, hata Owen. Watu sitini walikuwa wamebaki na kazi zao, mmoja wao mamake. Ilikuwa imebaki kushukuru tu na kwenda kukaa. Lakini lile neno "vivyo hivyo" halikumtoka. Aprili iliyopita, mabwawa yakiwa yamejaa mvua, Kahonzi aliuza kuku mmoja mmoja hadi akabakiwa na jogoo, na wiki iliyofuata wakamuuza jogoo.

"Kaa, binti yangu, umemaliza," alisema Bwana Zaid kwa upole.

"Sijamaliza."

Makofi yalikatika. Kache alishika ukingo wa meza.

"Karo ni yenu, Bwana Zaid, mkitaka kuizuia izuieni. Mimi sikuja kuwaambia kwamba vibarua ni rahisi. Mashine mngeilipia hata ikiwa imelala miezi minne, wala msingeona ajabu. Mama yangu ni kibarua wenu." Sauti ilipanda mpaka yeye mwenyewe akashangaa. "Nilichotaka kusema tangu mwanzo ni hiki: mvua ikinyesha, walipeni na watu."