Kitunguu Saumu Mdomoni

Mlango wa maabara yao ndogo ya mtaani Mulongwe uling'olewa kwa mateke, akaingia mtu mwenye bunduki. Iribagiza alikuwa ameinamia hadubini, akichunguza chembe za saratani. Mwenzake Thierry hakuwahi hata kusimama. Kitako cha bunduki kilimpata shavuni, akaanguka pamoja na kiti.

"Munamupikia nani karuho?" mwenye bunduki aliunguruma. Mtaani walikuwa wakivumisha hivyo: wale watoto wa chuo wanapika karuho, sumu inayoua polepole.

"Si karuho, chef, mukubwa wetu," Iribagiza alisema. "Chembe ya kansere inatumaka vifuko vidogo, vimejaa protini, viende kuharibu chembe zingine. Hii dawa inazuia vifuko visitengenezwe."

"Weye unanichekelea!"

Akanyakua kichupa mezani. Kifuniko kilikuwa kimelegea, dawa ikamlowesha vidole. Akakirudisha mezani, akajifuta kwenye suruali, akaendelea kumpiga Thierry mateke ya mbavu mpaka kitu kikalia ka! Ghafla akakoma, akaramba midomo.

"Kitunguu saumu! Tangu asubuhi sijakula kitu. Mumeniroga!"

Akampigisha Thierry magoti, akamwekea mtutu kisogoni. "Nikikufa, huyu ananitangulia."

Iribagiza alijua ladha ile. Ni ya kimiminiko kinachoyeyusha dawa. Kikigusa ngozi hupenya, na mdomo hunuka kitunguu saumu. Chenyewe hakiui. Lakini hupenya na kila kilichoyeyushwa ndani yake, na dawa ile hawakuwahi kuijaribu kwa mtu.

Akachukua kichupa, akamimina kiganjani chote kilichobaki, akasugua.

"Ngoja kidogo, chef. Utanusa mudomo yangu: kitunguu kilekile, na sitakufa."

Wakangoja. Damu ya Thierry ilidondoka sakafuni.

"Ukianguka," mwenye bunduki alisema, jasho likimtiririka, "nitawaambia watuzike pamoja, eti ulikuwa muke wangu wa pili."

Ladha haikuja. Kidole cha mwenye bunduki kikakaza kwenye kifyatulio. Kisha ladha ikampanda Iribagiza kutoka kooni, nzito. Akafungua kinywa. Mtu yule akainama, akanusa, akanusa tena, akapasuka kwa kicheko. Huku akicheka, alimvunja Thierry meno kwa kitako cha bunduki, akamimina risasi kwenye friji ya dawa zao, akaondoka.

Thierry alitambaa, akamshika Iribagiza kifundo cha mkono, akamvuta kuelekea bombani.

"Nawa," alisema kwa midomo iliyopasuka. "Nawa mbio, dada."

"Imekwisha kuingia," Iribagiza alisema. "Fungua mudomo, nione meno."